Kupima athari ya samaki kwenye miiba ya lava wa kereng'ende

Chagua vidimbwi viwili, kimoja chenye samaki na kingine kisicho nao. Pitisha wavu wa matundu ya milimita 1 kwenye majani ya majini, kisha mwaga ulichopata kwenye sinia jeupe lenye maji kidogo. Kila lava, yaani kereng'ende mchanga anayeishi majini, akae kwenye chombo chake, ukiwachanganya watalana.

Linganisha spishi moja tu, tena lava wa hatua ya mwisho, ambao vifuko vya mabawa vimevimba mgongoni. Hapa ndipo wengi huharibu kazi: miiba hurefuka lava anavyojivua gamba, hivyo tofauti ya umri huonekana kama tofauti ya vidimbwi. Pima urefu wa miiba ya fumbatio, ugawanye kwa upana wa kichwa. Si lazima kuua. Magamba matupu yanayobaki kwenye mashina lava anapogeuka kereng'ende mzima huwa na miiba yote, nasi tunayapendelea.

Kwa Leucorrhinia dubia, spishi ya kereng'ende wa Ulaya, miiba huwa mirefu zaidi penye samaki, maana samaki humtema lava mwenye miiba mirefu. Pasipo samaki, wawindaji wakuu ni lava wakubwa wa kereng'ende wengine, nao hukamata kwa kunasa: mwiba mrefu unawapa pa kushikia. Kinga ileile inageuka hatari!

Hapo bado hujajua kama ni urithi. Lea mayai ya vidimbwi vyote viwili katika maji yenye harufu ya samaki na yasiyo nayo. Miiba ikifuata maji, ni mwitikio wa mazingira; ikifuata asili ya mayai, ni dalili ya tofauti za kurithi.