Kutafuta ukoo wa bibi aliyetoka Pwani ukiwa Moshi au Arusha

Wengi huku tuna bibi "wa Tanga" au "wa Pangani", ukiuliza zaidi basi, stori inaishia hapo. Treni ya Tanga ilifika Moshi kabla ya vita ya kwanza, ikafika Arusha 1929, watu wa Pwani wakapanda nayo kutafuta kazi na biashara, wanawake wakaolewa huku na watoto wakabeba ukoo wa baba. Ndo maana ukifuata jina la ukoo utakwama mapema.

Anza na jina lake refu, fulani binti fulani bin fulani. Mwanajuma peke yake haisaidii, kina Mwanajuma ni wengi mno. Mwaka wa kuzaliwa usiuhangaikie, uliza wakati wa uhuru alikuwa na watoto wangapi.

Alafu uliza swali hili ambalo kwangu ndo kubwa kuliko yote: alikuwa anasafiri kwenda misiba ya wapi? Harusi hata jirani anaalikwa, ila mtu hatoki Moshi mpaka Muheza kuzika asiyemhusu. Waulize shangazi zako, wifi zake, na somo yake (kungwi aliyemfunda) kama yupo, maana wanawake ndo wanajua nani alikuja na kanga, nani alilala nyumbani siku arobaini. Omba ruhusa urekodi kwa simu. Na kama ni Mdigo usimruke mjomba wake, zamani kwao urithi ulipita upande wa mama.

Kwenye makaratasi, cheti cha ndoa ya Kiislamu tafuta jina la walii, yaani aliyemwozesha, kwa kawaida ni baba, kaka au ami yake, hapo umepata mlango. Kama alibatizwa omba parokia wakuangalizie daftari la ubatizo, wazazi wanaandikwa. Mapadri walioanzisha Kilema, misheni ya Kikatoliki huku Kilimanjaro, walitokea Bagamoyo, ambako misheni ilianza 1868 na kulea watu waliokombolewa utumwani, kwa hiyo unaweza kukuta uzi unaelekea huko. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika 1922 tu na kuna familia bado inawauma, mzee akinyamaza muache, usimbane.

Ukishapata kijiji nenda mwenyewe, beba sukari na picha yake ya zamani, pita kwa mwenyekiti kwanza, kisha waone wazee msikitini baada ya swala ya Ijumaa. Taja jina la baba yake kabla ya lake, maana yeye aliondoka msichana na wengi hawamkumbuki, ila baba mtu alizikwa palepale.