Miwani ya 3D ya NVIDIA kwenye PC: namna ya kuifunga, kuiseti na kuitibu ikizingua

Wakuu, miwani ya NVIDIA 3D Vision bado inapatikana used, na wengi wanaoinunua wanachomeka, hawaoni kitu, wanaitupa kwenye droo wakiamini ni mbovu. Mara nyingi ni nzima kabisa. Mi naipenda sana hii teknolojia na inaniuma kuona inatupwa, kwa hiyo naandika hapa kila kitu kinachotakiwa ili ifanye kazi, na sehemu kubwa nitaiweka kwenye kuseti kina (ile hali ya vitu kuonekana viko mbele na nyuma), maana hapo ndo watu wanaharibu utamu wote.

Kwanza elewa inavyofanya kazi. Monita inaonyesha picha ya jicho la kushoto, afu ya kulia, afu ya kushoto tena, jumla mara 120 kwa sekunde, na miwani inaziba jicho moja na kuachia lingine kwa kufuata ishara ya infraredi inayotoka kwenye emita, kile kidude cheusi chenye umbo la piramidi kinachochomekwa USB. Kila jicho linapata picha 60 kwa sekunde. Ukishika hilo, karibu kila tatizo utajua pa kulitafuta: ama monita haifiki 120, ama ishara haifiki kwenye miwani, ama picha mbili zenyewe hazijapangwa sawa.

Sasa vifaa. Toleo la kwanza lilitoka 2009, la pili 2011 likiwa na lenzi kubwa zaidi, na yote mawili yanatumia emita ileile. Monita lazima iwe ya Hz 120 (yaani ile mara 120 kwa sekunde) na iwe kwenye orodha ya zinazokubaliwa, sio kila monita ya Hz 144 ya siku hizi itakubali, usidanganywe na namba peke yake. Za mwanzo zilizovuma ni Samsung SyncMaster 2233RZ na ViewSonic VX2265wm, zote inchi 22, afu ikaja ASUS VG236H ya full HD, na baadaye ASUS VG278H ya inchi 27 ambayo emita imejengewa humohumo juu ya kioo. Ukiipata VG278H ikiwa nzima chukua, ina LightBoost, ule mtindo wa taa ya nyuma kuwaka kwa mapigo pale tu picha imeshatulia, na tofauti yake na zile za zamani kwenye mwanga na ukungu wa picha ni kubwa mno.

Kebo ndo inawaponza wengi. Hizi monita zinataka DVI ya dual link, yaani ile ambayo pini zake zimejaa mpaka katikati. Angalia kichwa cha kebo, ukikuta katikati kuna pengo pini zimegawanyika makundi mawili, hiyo ni single link na haitakupa Hz 120 hata ufanyeje. Na zile adapta za bei rahisi za kutoka HDMI au DisplayPort kwenda DVI nazo zinatoa single link tu, kama kadi yako ya picha (graphics card) haina tundu la DVI basi itabidi utafute adapta ya dual link yenye umeme wake kutoka USB, ni ghali kidogo ila hakuna njia ya mkato. HDMI kavu inafaa kwa TV za 3D, na hapo unapata 720p kwa picha 60 au 1080p kwa picha 24 tu kwa sekunde, kwa gemu za kukimbia chukua 720p.

Draiva: NVIDIA waliacha kuitumikia 3D Vision mwaka 2019, na draiva ya mwisho yenye 3D ndani yake ni 425.31 ya Aprili mwaka huo. Hii inaamua na kadi gani uitumie. GTX 900, GTX 10 zote na RTX 2060, 2070, 2080 za mwanzo zinaingia freshi. Zile za SUPER zilitoka baada ya hapo, GTX 1650 nayo ilitoka siku chache tu baada ya draiva hiyo, kwa hiyo draiva hiyo haizitambui. RTX 30 na kuendelea ndo kabisa, kuna njia nyingine nitaigusa chini.

Kabla ya kuinstoli, chomoa intaneti. Namaanisha, chomoa kweli, maana Windows 10 ikiona kadi haina draiva inajishushia mpya yenyewe wakati wewe uko kwenye safe mode (Windows ikiwa imewaka na vitu vya msingi tu) unasafisha, afu unabaki unashangaa menyu ya 3D imeenda wapi. Futa draiva ya zamani kwa DDU (Display Driver Uninstaller, programu ya kufuta draiva za kadi) ukiwa safe mode, washa upya, instoli 425.31 kwa kuchagua "Custom" na uhakikishe visanduku viwili vya 3D Vision vimetikiwa, kile cha draiva ya 3D na kile cha kidhibiti cha USB, ambacho ndo draiva ya emita. Ikimaliza ndo uchomeke emita, tena kwenye tundu la USB la nyuma ya kesi lililoshikana na mazabodi, sio kwenye habu ya bei chee.

Baada ya hapo fungua NVIDIA Control Panel. Kwanza nenda kwenye "Change resolution" uweke Hz 120, ndo uende "Set up stereoscopic 3D" utiki "Enable stereoscopic 3D". Wizadi itafunguka ikupitishe hatua kwa hatua, mwisho itakujaribu kwa kukuonyesha umbo tofauti kila jicho, unaulizwa jicho la kushoto linaona nini na la kulia linaona nini. Jibu unachokiona kweli. Ukibahatisha ukapita, tatizo litakusubiri ndani ya gemu. Na kama hiyo menyu ya stereoscopic haipo kabisa, basi ama Windows imekubadilishia draiva kisirisiri, ama ile huduma iitwayo NVIDIA Stereoscopic 3D Driver Service haijawaka, fungua services.msc uicheki.

Tuseme umepita yote ila ukiingia kwenye gemu hakuna 3D. Bonyeza Ctrl+T, hiyo ndo swichi ya kuwasha na kuzima, au bonyeza kitufe cha mbele ya emita. Taa ya emita ikiwa ya kijani hafifu maana yake ipo standby, iking'aa maana yake 3D inatoka. Inang'aa lakini wewe unaona picha maruweruwe mbilimbili? Hapo emita inatuma ila miwani haipokei, kwa hiyo angalia chaji kwanza (miwani used mara nyingi betri imelala miaka, iache kwenye USB usiku mzima kabla hujaihukumu), afu hakikisha emita inakutazama usoni bila kitu katikati na jua la dirishani halipigi kwenye lenzi, maana jua lina infraredi tele. Taa haing'ai kabisa? Gemu haiko fullscreen ya kweli. Borderless haifanyi kazi na 3D Vision, lazima iwe fullscreen kamili, na kwa Windows 10 bofya kulia faili la gemu, ingia Properties, Compatibility, utiki "Disable fullscreen optimizations". Hii imetibu gemu nyingi sana.

Kucheza kwa mwanga, yaani chumba kizima kinapepesa ukivaa miwani, hili sisi wa Afrika Mashariki tunalipata kwa sababu ya umeme wetu. Umeme wa huku ni Hz 50, kwa hiyo tyubu ya zamani na balbu nyingi za bei rahisi zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, jicho la kawaida halioni, lakini miwani inafunguka mara 60, na hiyo 60 na 100 haziendi pamoja, ndo unaona ule mpepeso unaoumiza kichwa. Dawa ya kwanza ni kuzima taa. Dawa ya pili, ambayo wengi hawaijui, ni kushusha monita iwe Hz 100 badala ya 120, 3D Vision inaikubali, na hapo kila jicho linafunguka mara 50 na linaenda sambamba na taa. Ukishabadilisha, pita tena kwenye wizadi.

Kuna watu wanalalamika wanaona kivuli cha picha ya jicho lingine, hasa kitu cheupe kwenye giza. Hakiishi asilimia mia kwenye LCD za kipindi kile, ila kinapungua sana ukifanya haya: iache monita iwake kama dakika 20 ipate joto kwanza kwa sababu kioo cha baridi kinabadilisha rangi polepole, shusha kontrasti, kaa macho yako yakiwa usawa wa katikati ya kioo, na usilaze kichwa pembeni maana lenzi zina polaroidi na ukilala upande mmoja picha inaingia giza. Kuhusu giza la kawaida, miwani inakula mwanga mwingi, hilo lipo tu, pandisha mwangaza wa monita na uongeze gama ndani ya gemu.

Sasa tuje kwenye kina, na hapa naomba usome taratibu.

Draiva inakuja na kina kimewekwa asilimia 15. Mtu anawasha, anaona kitu kama katuni zilizokatwa kwenye karatasi, anasema "ndo hii tu?" Hiyo sio 3D, ni kionjo. Una vitu viwili vya kuchezea. Cha kwanza ni kina chenyewe, Ctrl+F3 kupunguza na Ctrl+F4 kuongeza, hiki kinasukuma vya mbali viende mbali zaidi. Cha pili ni konvejensi, Ctrl+F5 na Ctrl+F6, hii inaamua kitu gani kikae sawasawa kwenye uso wa kioo, vya mbele yake vitakutokea nje na vya nyuma vitazama ndani. Konvejensi imefungwa mwanzoni, ifungue kule Control Panel kwenye "Set keyboard shortcuts" utiki "Enable advanced in-game settings". Bila kufungua hiyo umenunua nusu ya kifaa.

Namna ninayoseti mimi: naingia kwenye gemu, natafuta sehemu yenye upeo wa mbali, mlima au mwezi, natulia. Navua miwani. Kile kitu cha mbali kinaonekana viwili, nachukua rula nawekea juu ya kioo, napima kutoka ukingo wa mwezi wa kwanza mpaka ukingo uleule wa mwezi wa pili. Naongeza kina mpaka ifike kama sentimita 6, hapo naacha. Sababu ni kwamba mboni za mtu mzima ziko mbalimbali kwa wastani wa sentimita 6 na kidogo, ukizidisha hapo unayalazimisha macho yatanuke kwenda nje, kitu ambacho macho hayafanyi maishani, na kichwa kitakuuma ndani ya muda mfupi. Baada ya hapo nageukia konvejensi. Kwa gemu ya kumuona mhusika wako kwa nyuma, iongeze mpaka mhusika akae kwenye uso wa kioo bila kuwa wawili, na hapo ghafla anakuwa na mwili, unaona bega liko mbele ya bega lingine. Kwa gemu za bunduki mkononi iwe ndogo, la sivyo bunduki inakuja puani.  Ukiridhika bonyeza Ctrl+F7 kuhifadhi, inakaa kwa hiyo gemu tu.

Kama ni mgeni anza na kina cha nusu, ongeza kila siku kidogo, macho yanazoea. Mtoto mdogo usimpe, na mwenye kifafa hii mwangaza ya kupigapiga haimfai. Wapo pia watu ambao macho yao hayaunganishi picha mbili, hao hata useti vipi hawataona kina, usiwabishie.

Gemu zenyewe zinatofautiana. Vivuli vikielea hewani, au maji yakiwa na mng'ao wa jicho moja tu, shusha vivuli au zima SSAO (vivuli laini vya kwenye pembe) na madoido ya mwisho ya picha. Nukta ya kulengea ikiwa mbilimbili unapolenga mbali, zima ya gemu uwashe ya NVIDIA kwa Ctrl+F12, hiyo inakaa kwenye kina cha kile unacholenga, ila haikubali kila gemu. Kabla ya kuchoka na gemu yoyote tafuta marekebisho ya HelixMod, kuna watu wamejitolea miaka mingi kurekebisha gemu mojamoja, unashusha faili unalitupia kwenye folda la gemu basi, na kazi yao nyingi inapita kwenye chombo kinaitwa 3DMigoto. Kasi itashuka karibu nusu kwa sababu kadi inachora kila kitu mara mbili, punguza resolusheni kuliko kupunguza kina.

Wenye RTX 30 na kuendelea angalieni geo-11, inatengeneza picha mbili kwa gemu zinazotumia DirectX 11 bila kutegemea draiva ya 3D ya NVIDIA, unaipeleka kwenye TV ya 3D ikiwa ubavu kwa ubavu. Na asiye na chochote anunue miwani ya karatasi ya nyekundu na samawati, nyekundu jicho la kushoto, draiva ya 425.31 ina chaguo lake linaitwa 3D Vision Discover, linaenda na monita yoyote ile hata ya Hz 60. Rangi zitaharibika, lakini kina utakiona, na Ctrl+F3 mpaka F6 zote zinafanya kazi vilevile, kwa hiyo unaweza kujifunzia kuseti hapo kabla hujatoa hela kwenye kit nzima.