Somo: Kuandaa begi la dharura kwa mkazi wa Dar es Salaam

Usiku wa tarehe 16 Februari 2011, mabomu yalipolipuka katika ghala la silaha la kambi ya jeshi ya Gongo la Mboto, maelfu ya watu walitoka majumbani na nguo walizolalia. Walitembea gizani bila kujua waelekeako, na watoto wengi wakapotezana na wazazi wao, hivyo kwamba siku zilizofuata zilikuwa za kutafutana. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo yakaja mafuriko ya bonde la Msimbazi yaliyoua makumi ya watu na kuwahamishia wengine Mabwepande. Wakati huo mimi nilikuwa mpangaji Kigogo. Maji yaliingia alfajiri; nilifanikiwa kutoa godoro, redio na sufuria mbili, nikaviinua juu kichwani kwa fahari kabisa, na nikaacha chini ya kitanda bahasha yenye cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule. Godoro lilioza baada ya wiki mbili. Vyeti nilivihangaikia kwa zaidi ya mwaka mmoja, ofisi hadi ofisi.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu maelekezo mengi ya begi la dharura yameandikwa kwa ajili ya mtu atakayejificha porini siku tatu, mwenye hema, shoka na chakula cha makopo. Mkazi wa Dar es Salaam haendi porini. Anakwenda kwa shangazi yake Kimara, au analala darasani katika shule ya kata, na duka la kununua biskuti halitakuwa mbali naye. Asichoweza kukinunua dukani usiku ule ni karatasi zake, dawa zake za kila siku na namba za simu za watu wake. Begi letu litapangwa kwa kufuata hesabu hiyo.

Hatua ya kwanza: chagua begi, kisha lipime.
Tumia begi la mgongoni, hata kuukuu la shule, mradi zipu zake zifungike na mikanda isikatike. Usitumie sanduku wala shangazi kaja, kwa sababu mikono yako yote miwili inatakiwa iwe huru kumshika mtoto, kushika ukuta au kuinua tochi. Ukishalijaza, livae na upande nalo ngazi za jengo la ghorofa tatu. Ikiwa itakubidi kupumzika njiani, punguza vitu. Kumbuka kwamba lita moja ya maji ni kilo moja, na ndiyo maana maji ndiyo yanayowachosha wengi.

Hatua ya pili: karatasi.
Hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie. Kusanya kitambulisho cha taifa cha NIDA au nakala yake, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa, vyeti vya shule, kadi za bima ya afya, kadi ya kliniki ya mtoto aliye chini ya miaka mitano, na mkataba wa pango au, kwa mwenye nyumba, leseni ya makazi au hati. Nakala halisi zisizohitajika kila siku ziwe ndani ya begi moja kwa moja, si kabatini kwa matumaini kwamba utazikumbuka. Toa fotokopi za zote na umpe ndugu anayeishi mtaa mwingine, tena mtaa ulio juu, usiofikiwa na maji yanayofika kwako.

Karatasi zote ziingie katika mfuko usiopitisha maji. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku mwezi wa Juni 2019, baadhi ya watu wamekuwa wakiniambia kwamba hawana cha kufungia. Dawa yake ni faili la plastiki lenye kifungo linalouzwa stationari, au kindoo kidogo chenye mfuniko unaobana ambacho kilikuwa na rangi au mafuta ya kupikia, kikioshwa vizuri na kukauka. Kifungie karatasi, kiloweke katika beseni kwa nusu saa, kisha ufungue. Ukikuta unyevu, tafuta kingine.

Pamoja na karatasi hizo, andika kwa peni isiyofutika orodha ya namba za simu zisizopungua tano. Watu wazima wengi leo hawajui kwa kichwa hata namba ya mwenzi wao. Simu ikizama, wamebaki bubu. Kila mtoto awe na karatasi yake ndogo, iliyoshonewa ndani ya mfuko wa nguo au kuwekwa katika mfuko wa begi lake la shule, yenye jina lake, jina la mzazi na namba mbili. Ongeza namba 112 ya Polisi na 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Hatua ya tatu: dawa.
Mwenye presha, kisukari, pumu, kifafa, au anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, aweke dozi ya siku saba, na kila anapochukua dawa mpya aingize hizo mpya begini na kuzitumia zilizokuwa begini, ili zisipitwe na muda wake. Andika jina la dawa na kipimo chake, kwa kuwa daktari utakayemkuta hatakujua. Halafu weka paketi chache za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, maana baada ya mafuriko vyoo na visima huchanganyika na kuhara hufuata. Zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi vitamsaidia mgonjwa wakati anapelekwa kituo cha afya. Bendeji, plasta, dawa ya kusafishia vidonda na glavu jozi mbili vinatosha.

Hatua ya nne: mwanga, sauti na mawasiliano.
Tochi ya betri ni bora kuliko kutegemea taa ya simu, ambayo humaliza chaji unayoihitaji kwa kupiga. Betri zikae nje ya tochi, kwani zikivuja ndani huiharibu. Pawabenki ichajiwe kila mwanzo wa mwezi. Redio ndogo ni ya maana zaidi ya tunavyodhani, hasa katika masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, wakati Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa tahadhari za mvua kubwa na umeme unapokuwa umekatika.

Kisha filimbi. Kila mtu mmoja, iliyofungwa kwenye mkanda wa begi na si chini ndani yake. Jengo la Kariakoo lilipoporomoka tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 20, waokoaji waliwasiliana na watu waliokuwa wamekwama chini ya vifusi, na kila sauti ilikuwa na thamani. Anayepiga kelele katikati ya vumbi huchoka haraka na hulijaza vumbi pafu lake. Filimbi, au jiwe linalogongwa kwenye bomba kwa mapigo matatu na kupumzika, husikika mbali kwa nguvu kidogo.

Hatua ya tano: maji, chakula na nguo.
Weka chupa mbili za lita moja na nusu kwa mtu mzima, na dawa ya kutibu maji itakayotumika kwa kufuata maelezo ya paketi yake. Akiba kubwa ya maji ibaki nyumbani katika dumu la lita 20 kwa siku ambazo bomba limekauka lakini hakuna haja ya kuhama. Chakula kiwe kile kisichohitaji moto: tende, karanga, kashata, biskuti. Nguo ni seti moja na viatu vya kufunika vidole, kwa sababu maji ya mafuriko huficha misumari na chupa. Weka pedi, sabuni, na kanga mbili. Kanga hubebea mtoto, hufunga mkono uliovunjika, huwa shuka na huwa pazia pale mnapolala wengi chumba kimoja.

Hatua ya sita: fedha.
Mitandao ya simu hulemewa au huzimika siku ya tukio, na wakala naye amekimbia. Weka noti ndogondogo za elfu moja na elfu mbili, za kutosha nauli ya familia na chakula cha siku mbili, zikiwa zimegawanywa mahali pawili: nusu begini, nusu mwilini. Ukiibiwa begi katika msongamano, na huibiwa kweli, utabaki na nauli. Katika daladala au mwendokasi livae begi kifuani.

Hatua ya saba: mahali pa begi na mahali pa kukutana.
Begi linakaa karibu na mlango, limening'inizwa msumarini juu ya kimo cha goti, si juu ya kabati wala uvunguni. Chagueni kama familia mahali pawili pa kukutania: pa karibu, mfano mwembe wa msikitini, na pa mbali, nje ya mtaa. Fanyeni jaribio usiku mmoja taa zikiwa zimezimwa. Ikiwa mmetumia zaidi ya dakika tatu kutoka, tafuteni kilichowachelewesha. Kwetu ilikuwa ufunguo wa geti. Likibaki swali la kurudi kuchukua begi wakati nyumba inaungua, jibu ni hapana. Maji yanayokwenda kasi nayo yasivukwe: yakifika kwenye shavu la mguu tu huweza kumwangusha mtu mzima, na yakifika kwenye mapaja hubeba magari mengi.

Maswali ya wasomaji

Swali: Shikamoo mwalimu. Mama mkwe wangu ameliona begi mlangoni akasema ni uchuro, nautakia mabaya mji wangu. Nimjibu nini bila kumvunjia heshima?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usimbishie. Muulize kwa upole kama bibi zake wa Pwani hawakuwa wakihifadhi sanda sandukuni miaka na miaka, na hakuna aliyewaambia kwamba wanajiitia mauti. Halafu mwombe akusaidie kupanga dawa zake za presha humo ndani. Mara nyingi mzee hakatai begi lenyewe. Anakataa kwamba halikumhusisha.

Swali: Sisi ni saba katika vyumba viwili, na uwezo wa kununua hivi vyote kwa mara moja sina. Nianze na kipi?

Jibu: Anza na hatua ya pili, kwa kuwa gharama yake ni fotokopi na peni. Mwezi unaofuata ongeza filimbi na tochi. Mabegi yasiwe saba. Mzazi mmoja abebe karatasi na dawa, mwingine maji na kanga, na watoto wanaokwenda shule wabebe kila mmoja chupa yake na nguo zake. Mtoto wa miaka minne asibebe kitu isipokuwa karatasi yake ya jina.

Swali: Nimepiga picha vyeti vyote, viko kwenye simu. Bado nahitaji karatasi?

Jibu: Bado. Simu ndiyo kitu cha kwanza kuporwa, kulowa au kuisha chaji. Picha hizo zitume kwenye barua pepe yako na kwa ndugu mmoja unayemwamini, na simu yenyewe iwe na namba ya siri, kwa sababu aliye na picha ya kitambulisho chako na laini yako anaweza kukuletea madeni usiyoyakopa.

Swali: Mtaani kwetu vijana wa panya road walitusumbua. Je, nikiweka panga au kisu kirefu ndani ya begi kuna ubaya?

Jibu: Upo. Begi hili litafunguliwa na watoto gizani, litapekuliwa na askari mahali pa kuhifadhia watu, na ukinyang'anywa, panga ni la mwingine tayari. Kisu kidogo cha kukatia kamba na bendeji kinatosha. Kwa usalama wako, filimbi iliyokubaliwa na majirani, kwamba ikilia mara tatu kila mtu anawasha taa na kutoka, imetusaidia sisi zaidi ya silaha yoyote. Zungumza na mjumbe wa shina lenu ili ijulikane.

Swali: Natumia insulini na friji ndiyo inayoiweka baridi. Nikihama je?

Jibu: Aina nyingi za insulini, chupa ikishafunguliwa, hukaa takribani wiki nne bila friji ikiwa joto halizidi nyuzi 30, lakini soma karatasi ya dawa yako na umuulize mfamasia, kwa sababu jua letu hupita hapo. Ifunge katika kichupa kikavu, kizungushie kitambaa kilicholowa na ukiweke kivulini penye upepo, au ndani ya chungu kidogo kilichowekwa katika chungu kikubwa chenye mchanga uliolowa. Usiilaze juu ya barafu, ikiganda imeharibika. Kwenye begi weka pia sukari au pipi, na mfundishe mmoja wa watoto wakubwa dalili za sukari kushuka.

Swali: Mimi nashinda dukani Kariakoo kuanzia saa moja asubuhi hadi usiku. Begi liko nyumbani, mimi niko ghorofani. Lina faida gani?

Jibu: Kwa familia yako, kubwa. Kwa wewe mwenyewe, tengeneza kipochi cha kiunoni: filimbi, tochi ndogo, barakoa au leso ya kuzuia vumbi, dozi ya siku moja, namba za simu kwenye karatasi na noti chache. Jozi ya raba iwe chini ya meza, hasa kama unavaa ndara au visigino. Na leo kabla ya kufunga duka, shuka kwa ngazi badala ya lifti, uangalie kama mlango wa nyuma wa jengo hufunguka au umefungwa kwa kufuli na marobota ya bidhaa.