Kupika mboga bila kupoteza antioksidanti zinazosaidia ubongo unaozeeka

Ubongo ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni. Matumizi hayo huzalisha chembe huru, yaani molekuli zisizo imara zinazounguza mafuta ya seli. Antioksidanti ni viambato vinavyozizima chembe hizo, na umri ukisonga kinga ya mwili dhidi yake hudhoofika. Hakuna mmea uliothibitishwa kuzuia ugonjwa wa Alzheimer, unaopoteza kumbukumbu, lakini mlo wenye mboga nyingi una faida, mradi zisiharibiwe jikoni.

Osha majani kabla ya kuyakata. Ukiyakata kwanza, vitamini C huondoka na maji. Yapike kwa mvuke dakika 3 hadi 5. Ukiyachemsha, weka maji kidogo na mchuzi usiumwage. Karoti na nyanya ni kinyume: moto hulegeza kuta za seli na kuachia karotenoidi, rangi za mimea ambazo ni antioksidanti na ambazo bila mafuta hazifyonzwi vizuri. Kijiko cha chai cha mafuta kwa sahani kinatosha. Brokoli ikate, iache dakika 40 ndipo uipike, kwa sababu kimeng'enya kinachotengeneza salforafani, kiambato kinachoamsha kinga ya seli, huharibiwa na moto.

Vidonge vya antioksidanti, kama vitamini E, ni habari nyingine. Mtu mzima anahitaji miligramu 15 za vitamini E kwa siku. Gramu 30 za lozi hutoa karibu nusu. Dozi kubwa za vidonge vya vitamini hiyo zinaweza kuleta kuvuja damu, na mvutaji sigara asiguse vidonge vya beta-karotini, karotenoidi ya karoti: vimeonekana kuongeza saratani ya mapafu. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asibadilishe ghafla kiasi cha mboga za majani, maana vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa hiyo.