Kuutambua mvinyo mweupe kwa ulimi: somo la hatua kwa hatua

Wengi hukwama kwenye jina la zabibu. Mtu akishaonja Chardonnay moja anaamini ameijua, kisha siku anafungua chupa nyingine yenye jina lilelile na kujiona kama ameuziwa kitu tofauti. Hajadanganywa: zabibu moja huzaa mitindo mingi. Kwa hiyo tuanzie mdomoni, lebo itafuata.

Hatua ya 1: Mimina mivinyo miwili, iwe jirani. Glasi moja haifundishi. Ulimi hujifunza kwa kulinganisha. Mvinyo mwepesi uwe nyuzi 8 hadi 10 za Selsiasi, mzito 10 hadi 13. Ukizidi ubaridi, harufu hujificha.

Hatua ya 2: Pima uchachu. Piga funda, meza, funga mdomo, kisha inamisha kichwa kidogo. Sikiliza mate yanavyochuruzika pembeni mwa ulimi. Yakija haraka na kuendelea kuja, uchachu uko juu. Hapo ndipo ilipo Sauvignon Blanc ya Sancerre (Ufaransa) au ya Marlborough (New Zealand), Riesling ya Mosel (Ujerumani) na Muscadet, mvinyo mwepesi wa Ufaransa.

Hatua ya 3: Pima uzito. Unapita kama maji au unatanda kama maziwa? Kileo kikiwa kingi, uzito huongezeka. Viognier ni mfano mzuri wa mvinyo unaotanda.

Hatua ya 4: Tenganisha harufu na sukari. Hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea. Gewürztraminer inanukia waridi, na pua inaapa kwamba ni tamu. Bana pua, piga funda, kisha sikiliza ulimi peke yake. Utamu ukitoweka, ulikuwa harufu tu; ukibaki, ni sukari kweli. Lakini kumbuka, uchachu mkali hufunika sukari, kwa hiyo mvinyo wenye sukari kiasi unaweza kuonekana mkavu, yaani usio na utamu.

Hatua ya 5: Tafuta mkono wa mtengenezaji. Hatua hii naipenda kuliko zote. Chukua Chardonnay mbili za Burgundy, Ufaransa: moja ya Chablis, moja ya Meursault. Chablis iko kaskazini kwenye baridi, na mivinyo yake mingi huchachushwa kwenye matangi ya chuma. Inakuja na ndimu, tufaha bichi na ukavu unaokumbusha chokaa. Meursault kwa kawaida hupitia mapipa ya mwaloni, hukaa juu ya chachu iliyokufa, na bakteria hugeuza asidi kali ya maliki kuwa asidi laini ya laktiki. Chablis nyingi nazo hupitia badiliko hilo la asidi, ila bila pipa jipya matokeo yake hayapigi kelele. Harufu ya siagi unayoipata kwenye Chardonnay nzito hutokana na bakteria hao. Vanila hutoka kwenye mbao. Ukishazitofautisha hizo mbili, hutasema tena "sipendi Chardonnay". Utasema mtindo gani huupendi.

Maswali ya wanachama

*Lebo ya Riesling yangu inasema Kabinett. Ni tamu?*
Neno hilo linaeleza kiwango cha ukomavu wa zabibu zilipovunwa, halitaji sukari iliyobaki. Tafuta neno trocken, yaani mkavu. Kama halipo, tazama kileo: Riesling ya Mosel yenye asilimia 8 karibu kila mara ina utamu, kwa sababu sehemu ya sukari haikugeuka kileo. Ikifika 12, mara nyingi ni kavu.

*Mvinyo mweupe unaweza kutoka kwenye zabibu nyeusi?*
Ndiyo. Rangi inakaa kwenye ganda. Zikikamuliwa taratibu na maganda yakatengwa mapema, juisi hutoka nyeupe. Champagne nyingi zina Pinot Noir ndani yake.

*Ni kweli Sauternes, ule mvinyo mtamu wa Ufaransa, hutengenezwa kwa zabibu zenye ukungu?*
Kweli kabisa. Ukungu uitwao Botrytis cinerea hutoboa ganda, maji yakapotea, sukari na uchachu vikakolea kwa pamoja. Uchachu huo ndio unaozuia utamu usichoshe.

*Riesling yangu ya miaka mingi inanuka mafuta ya taa. Imeharibika?*
Hapana, usiimwage! Harufu hiyo hujengeka kadiri Riesling inavyokaa chupani, na wengine huitafuta makusudi. Kinachoashiria kasoro ni harufu ya kadibodi iliyolowa. Hapo kizibo ndicho kilichouharibu mvinyo, na una haki ya kuirudisha chupa.