Kumfundisha msomaji hodari kujisikiliza anaposoma

Mwanafunzi wa kidato cha tano husoma upesi, na akijikwaa hujirekebisha bila kujua. Siku anapokutana na matini ngumu kweli, hajui arudi wapi.

Anza na sentensi moja ubaoni, uiandike kipande kipande: "Upepo mkali ulivuma usiku kucha, asubuhi paa..." Simama hapo. Kila mmoja aandike anachokiona kichwani. Wengi wataona nyumba iliyoezuliwa. Sasa malizia: "hawakuonekana." Kile kiambishi -wa- kinaleta wanyama, na picha yote inageuka. Usiulize sentensi ina maana gani. Hilo wanalijua tayari. Uliza: ni nini kilikufanya uone nyumba, na uligeuza wazo ulipofika wapi? Jibu unalolitafuta ni kama "upepo ndio ulionipoteza".

Kisha leta makala ya maoni ya gazetini, maneno 300 hivi. Waza kwa sauti aya ya kwanza wewe mwenyewe, na iwe makala ambayo hujawahi kuisoma. Ukiipitia jana yake utaigiza kukwama, na vijana wa umri huu hawadanganyiki.

Baada ya hapo wakae wawili wawili. Mmoja asome na kusema anachowaza kila mwisho wa aya, mwenzake aandike tu bila kusahihisha. Wapokezane baada ya aya mbili. Pambizoni watumie alama tatu: kiulizo (nimekwama), mshale (nimerudi nyuma), mkato (sikubaliani). Ukiongeza za nne na tano watashughulika na alama, wasahau kusoma.

Kosa kubwa litakuwa muhtasari. "Mwandishi anataka kodi ipunguzwe" ni muhtasari. "Nilidhani anaitetea kodi mpaka nilipofika kwenye 'hata hivyo'" ndiyo tafakuri. Ziandike zote mbili ubaoni, zibaki hapo kipindi kizima. Anayesema "nilikuwa makini" muulize: mstari upi?

Kazi hii usiipe maksi, la sivyo watatunga kukwama kwa kupendeza baada ya kumaliza kusoma. Mara moja kwa wiki inatosha, dakika 40. Kila siku inaua hamu.

Mwishoni kusanya nakala zao, utazame mishale. Aya ambayo nusu ya darasa wamerudi nyuma ndiyo ya kuanzia wiki ijayo.