Taa ya kuvulia sambaza inapofifia: kutengeneza na kuimarisha viungio vyake vya umeme

Wavuvi wa sambaza katika Ziwa Kivu hupumzika siku za mbalamwezi, kwa sababu mwezi ukijaa, mwanga wa taa hauwavuti samaki kama unavyowavuta usiku wa giza. Siku hizo ndizo zinazoifaa kazi inayoelezwa hapa, maana taa, waya na betri vyote huwa nchi kavu, na hakuna anayemharakisha fundi ili mitumbwi ipate kuondoka kabla jua halijatua. Huku kwetu Bukavu karabai za mafuta ya taa zinaendelea kuziachia nafasi taa za LED zinazotumia betri ya volti 12, na malalamiko ninayoyasikia ni ya aina moja: taa ilikuwa kali ilipokuwa mpya, sasa imefifia, kwa hiyo mwenye mitumbwi anapanda Kadutu kutafuta betri nyingine. Mara nyingi betri haina kosa lolote. Volti zinapotea njiani, kwenye viungio.

Hesabu yake ni fupi. Taa tatu za wati 20 kila moja zinahitaji jumla ya wati 60, yaani takriban ampea 5 kutoka betri ya volti 12. Ampea 5 zikipita kwenye kiungio kilicholiwa na kutu chenye ukinzani wa nusu omu tu, kiungio hicho kitameza volti 2.5 na kugeuza zaidi ya wati 12 kuwa joto, na ndiyo sababu utepe mweusi uliozungushiwa kiungio kibovu hulainika na kunata mkononi. Taa zenyewe hazilingani katika kuuvumilia upungufu huo. Utepe wa LED wa bei nafuu, ambao LED zake zimepangwa tatu tatu na kizuizi kidogo cha mkondo (rezista), hufifia waziwazi volti moja au mbili zikipotea. Taa yenye saketi ya kudhibiti mkondo ndani yake hufanya kinyume: hujitahidi kuutunza mwanga wake kwa kuvuta ampea zaidi, hivyo kiungio kibovu huzidi kupata moto, mpaka taa inapoanza kupepesa au kuzimika kabisa wakati wavu uko majini.

Kwa hiyo usikate waya wowote kabla ya kupima. Multimita ya bei ya chini kabisa inatosha. Pima kwanza betri iliyopumzika saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumiwa: betri ya risasi na asidi iliyojaa huonyesha volti 12.6 au 12.7, iliyofika nusu huonyesha takriban 12.2, na iliyo chini ya 12 imekaribia kuisha. Kisha washa taa zote, upime tena kwenye ncha za betri, halafu upime pale waya unapoingia kwenye taa ya mbali kuliko zote. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo hasara ya njiani. Ikiwa ni nusu volti, mfumo unaridhisha. Ikipita volti moja, kuna mahali panapokula umeme. Lakini ikiwa betri yenyewe inaporomoka kutoka 12.6 hadi 11 mara tu taa zinapowashwa, basi safari hii betri ndiyo mgonjwa, na hakuna kiungio kitakachoiokoa.

Kupapata mahali pabaya si kazi ngumu. Taa zikiwa zinawaka, weka ncha moja ya multimita upande huu wa kiungio na ncha nyingine upande wa pili. Kiungio kizima huonyesha sehemu chache za mia za volti, kinachovuka 0.1 kinatiliwa shaka, na kinachofika 0.5 kinakatwa bila mjadala. Pitia hivyo hivyo swichi, kishikio cha fyuzi na kila skrubu, kwa kuwa hivyo pia ni viungio. Wala usiuache waya hasi, ambao mafundi wengi huusahau ingawa ampea zote zinazotoka kwa waya chanya hurudi kwa huo. Asiye na kipimo aziache taa ziwake kwa robo saa, kisha ashike kiungio kimoja kimoja kwa tahadhari: kilicho na joto kuliko waya unaokizunguka ndicho kibovu.

Ncha za betri ndizo za kwanza kutazamwa. Unga mweupe au wa kijani unaoota pale hutokana na asidi, nao huondolewa kwa kijiko cha bikaboneti kilichokorogwa katika glasi ya maji ya vuguvugu, huku vifuniko vya betri vikiwa vimefungwa ili maji hayo yasiingie ndani, na macho yakiwa yamekingwa. Suuza, kausha, piga msasa mpaka madini yang'ae, kaza, ndipo upake mafuta ya vaselini juu ya kila kitu ili kuzuia unyevu. Vibanio vyenye meno, vile vinavyopendwa kwa sababu huvikwa na kuvuliwa haraka, sivipendekezi hata kidogo kwenye mtumbwi: hugusa kwa ncha mbili tatu za meno tu, na kila wimbi huvisogeza. Betri nyingi za pikipiki zina tundu la skrubu kwenye ncha zake, kwa hiyo kichwa cha waya cha duara kilichobanwa vizuri na kukazwa kwa skrubu kitafaa zaidi na ni rahisi kununua. Kazi hii pamoja na kuchaji ifanywe penye hewa, mbali na sigara na mbabula, maana betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni.

Tukija kwenye waya, kiungio kibovu hakisafishwi, hukatwa. Maji ya Kivu yana chumvi za madini nyingi kuliko maji ya mito yetu, na yakishaingia chini ya ganda la waya hupanda kati ya nyuzi za shaba na kuzifanya nyeusi au kijani kwa urefu usioonekana kwa nje. Endelea kukata kidogo kidogo mpaka uione shaba nyekundu inayong'aa, kwa sababu lehemu haishiki shaba nyeusi hata ungeichoma namna gani. Waya ukiwa mfupi mno baada ya hapo, ubadilishe wote, na hapo ndipo penye nafasi ya kuuboresha mfumo kuliko ulivyokuwa ulipotoka dukani. Umbali wa mita 8 kutoka betri hadi taa ni mita 16 za kwenda na kurudi. Kwa ampea 5, waya wa unene wa milimita za mraba 0.75 utapoteza karibu volti 1.9 katika safari hiyo hata kama viungio vyote ni vipya, ilhali waya wa 2.5 utapoteza kiasi cha nusu volti tu. Chagua waya laini wenye nyuzi nyingi nyembamba. Ule mgumu wa kutandazwa kwenye kuta za nyumba hukatika ndani kwa ndani kwa kutikiswa na mawimbi. Tena kwangua uzi mmoja kwa wembe kabla ya kulipa, kwa kuwa waya mwingi wa bei rahisi ni alumini iliyopakwa shaba, na weupe hujitokeza mara moja. Muuzaji akikataa wembe, jibu umekwisha kulipata.

Kuunganisha kunahitaji subira. Menya kila waya sentimita 3, na ukate ili kiungio cha waya chanya na kile cha waya hasi visikae sambamba, bali kimoja kitangulie kingine kwa sentimita 5 hivi; hata ganda likichakaa, shaba hizo mbili hazitagusana. Kabla ya kusokota, ingiza kwenye waya ule mrija wa mpira unaosinyaa kwa joto, kwa maana baadaye hautapita. Pishanisha nyuzi, uzisokote kila moja juu ya mwenzake mpaka kiungio kisivutike, kisha ulehemu. Ipashe moto shaba, wala si lehemu. Shaba ikifikia joto lake, lehemu ya kawaida ya bati na risasi, inayoyeyuka karibu nyuzi joto 190, itanywewa yenyewe. Tumia dawa ya rosini ya mafundi redio, si asidi ya wanaoziba mabati na rejeta, ambayo huendelea kuila shaba miezi mingi baada ya kazi. SNEL, shirika letu la umeme, ikikata umeme, kichwa cha shaba cha kulehemu huweza kupashwa kwenye makaa, mradi kipanguswe majivu. Waya uliolehemiwa huwa mgumu na huvunjika pale ugumu unapokoma, kwa hiyo kiungio kifungwe kwenye mti wa mtumbwi pande zote mbili, kisining'inie. Pale waya unapocheza daima, kama kwenye mkono wa taa, kichwa cha kubana kwa koleo maalumu hudumu kuliko lehemu. Domino, yaani vile viungio vya plastiki vya kukazwa kwa skrubu, ziache nyumbani: skrubu zake hulegea kwa mtikiso na matundu yake hutunza maji.

Pima kiungio kabla ya kukifunika. Kifuniko bora ni mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani. Ukikosekana, ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli uliovutwa kwa nguvu na kuzungushwa tabaka mbili, kisha utepe mweusi juu yake, huzuia maji vizuri kuliko utepe peke yake. Silikoni inayonuka siki isitumike, kwa kuwa siki hiyo ni asidi nayo hula shaba. Waya unapoingia kwenye taa, uache uteremke kidogo chini ya tundu kabla ya kupanda, ili maji yadondokee kwenye upinde badala ya kufuata waya hadi ndani.

Linabaki suala la fyuzi, ambalo wengi huliona la anasa. Betri ndogo ya pikipiki huweza kutoa makumi ya ampea, pengine zaidi ya mia, nyaya mbili zikigusana, na mtumbwi ni mbao, nyavu na nailoni. Fyuzi ya gari ya ampea 10, yaani ile nyekundu, iwekwe kwenye waya chanya karibu kabisa na betri, kwa kuwa kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakilindwi na chochote. Kwa taa tatu tulizozihesabu na waya wa 2.5, kiwango hicho kinatosha. Beba mbili za akiba katika chupa kavu. Ya kwanza ikiungua, badilisha. Na ya pili ikiungua, tenganisha taa zote, uzirudishe moja moja hadi ile yenye hitilafu ijitambulishe, wala usizibe nafasi ya fyuzi kwa uzi wa shaba au karatasi ya sigara.